Maswali ya Wasomaji: Kizimba cha Sungura Huanzia Sakafuni

Tangu tulipochapisha makala fupi kuhusu ufugaji wa sungura nyuma ya nyumba, barua nyingi zilizotufikia zimeuliza jambo moja kwa maneno tofauti: namna ya kujitengenezea vizimba vya waya, badala ya kununua vilivyo tayari au kuendelea kukarabati mabanda ya mbao yanayooza kila mwaka. Mhariri amenikabidhi barua hizo kwa sababu nimefuga sungura kwa miaka mingi, na vizimba vyangu vyote nimevikata na kuvifunga kwa mikono yangu. Nimechagua sita zinazogusa mambo yanayowakwamisha wengi.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Morogoro. Nina majike wanne na dume mmoja wa aina ya New Zealand weupe, na wote wanaishi katika banda la mbao ambalo sakafu yake imeoza kwa mkojo na harufu yake haivumiliki. Nimeamua kutengeneza vizimba vya waya mwenyewe, kimoja kwa kila sungura. Nyumbani kuna wavu wa kuku uliobaki tulipozungushia bustani, nami ningependa kuutumia ili nipunguze gharama. Je, unafaa? Na kama haufai, ninunue wavu gani, kiasi gani, na nianzie wapi kukata?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wavu wa kuku haufai, na nakuomba usiutumie hata kwa wiki moja, kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi na walioumia ni sungura wangu. Mwaka wangu wa kwanza nilitandika wavu wa kuku juu ya fremu ya mbao, nikaona nimepata kizimba cha bei nafuu. Baada ya miezi kama miwili, jike wangu aliyekuwa mpole kuliko wote alianza kujibanza pembeni, akiinua mguu huu, akiushusha, akiinua ule. Nilipompakata na kumgeuza nilikuta manyoya ya kisigino yamekwisha, ngozi imeiva wekundu, na katikati pana kidonda cha ukubwa wa punje ya hindi. Alikuwa na watoto wa siku tisa, na kwa maumivu alikuwa ameacha kuingia kiotani kuwanyonyesha. Watoto wote sita walikufa.

Wavu wa kuku umesokotwa kwa nyaya nyembamba ili kuzuia kuku wasitoke uani, haukutengenezwa kubeba uzito. Sungura wa aina yako akikomaa hufikisha kilo 4 hadi 5, na wavu huo ukimbeba usiku na mchana hulegea kama kitanda cha kamba kilichochoka, nyayo zikazama ndani ya matundu, na vile visokoto vya waya vikamchubua. Isitoshe, mbwa mwenye njaa huuchana wavu huo kwa meno. Uweke kwa ajili ya bustani.

Ndiyo maana husema kwamba kizimba huanzia sakafuni. Kama fedha ni kidogo, ziweke kwanza kwenye sakafu, kwa kuwa paa unaweza kuliezeka kwa nyasi na kuta unaweza kuziziba kwa fito ukisubiri mwezi ujao, lakini sakafu ndiyo inayogusana na mwili wa sungura kila dakika ya maisha yake. Nenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi uulizie wavu uliochomelewa wenye matundu ya nusu inchi kwa inchi moja, yaani milimita 13 kwa 25, wa geji 14. Kumbuka kwamba namba ya geji ikipanda, waya hupungua unene: geji 14 ni kama milimita 2, geji 16 ni kama milimita 1.6, na muuzaji akikusifia geji 18 kana kwamba ni imara zaidi, muombe akuonyeshe zote tatu uzishike kwa vidole. Usikubali matundu ya robo inchi kwa sakafu, kwa maana kinyesi hakitapita na baada ya siku mbili sungura atakuwa amelala juu ya uchafu wake. Usikubali pia matundu ya inchi moja pande zote, kwa kuwa mguu wa mtoto hupenya na kuvunjika.

Kupita kwa kinyesi si suala la usafi wa macho tu. Vimelea vinavyosababisha ugonjwa wa koksidia, ambao huua watoto wengi waliotoka kuachishwa kunyonya, hutoka na kinyesi vikiwa bado haviwezi kuambukiza, na huhitaji unyevu na hewa kwa siku kadhaa kabla ya kuwa hatari. Kinyesi kikianguka chini mara moja, sungura hapati nafasi ya kuvimeza tena. Wako wanaohofu kwamba kwa njia hiyo sungura atakosa kile kinyesi chake laini ambacho hukila kwa ajili ya lishe. Hatakikosa, kwa sababu hukichukua kwa mdomo moja kwa moja kinapotoka.

Ukiutazama wavu huo kwa karibu utaona kwamba nyaya zake hazikufumwa, bali zimelazwa zile za mkao mmoja juu ya zile za mkao mwingine, kisha zikachomelewa. Upande mmoja nyaya zimeachana kwa nusu inchi, upande wa pili kwa inchi moja. Upande wenye nyaya za nusu inchi ndio utazame juu, ili nyayo zipumzike juu ya nyaya nyingi zilizokaribiana. Jambo hili halina gharama yoyote, na bado nimekuta vizimba vingi vilivyofungwa kinyume. Kagua pia zinki. Wavu uliochovywa kwenye zinki baada ya kuchomelewa hudumu zaidi kuliko ule uliochomelewa kwa nyaya zilizokwisha kupakwa zinki, kwa kuwa moto wa kuchomelea huunguza zinki ya kwenye kiungo na kutu huanzia hapo. Ukiona kila kiungo kimefunikwa na zinki kama kimemwagiwa maji yaliyoganda, huo ni wa aina ya kwanza. Ukiona alama nyeusi ya kuungua, ni wa aina ya pili. Ule wa kwanza huwa na vidonge vya zinki vyenye ncha, hivyo upitishe tupa kabla ya kuufunga.

Kwa kuta na juu, wavu wa inchi moja kwa inchi mbili unatosha. Kizimba cha jike wa aina yako kiwe na urefu wa futi 3, upana wa futi 2 na nusu, na kimo cha futi 1 na nusu, na cha dume kiwe hivyo hivyo ili usihangaike na vipimo viwili. Nikufanyie hesabu kwa roli lenye upana wa futi 3. Sakafu moja ni kipande cha futi 2 na nusu kutoka kwenye roli, hivyo sakafu tano ni futi 12 na nusu. Nunua mita 4. Kuta za kizimba kimoja ni utepe wa futi 11 wenye kimo cha futi 1 na nusu, na roli la futi 3 ukilipasua katikati hukupa tepe mbili. Kwa vizimba vitano utakata vipande vitatu vya futi 11, utapata tepe sita, na ule wa sita ndio utakaotoa milango yote mitano. Ongeza futi 12 na nusu za kufunika juu, jumla inakuwa futi 45 na nusu. Nunua mita 14.

Kata kwa mkasi wa bati au plaizi kali, ukifuata ukingo wa waya unaokatiza ili usiache vidole vya waya vilivyochomoza. Usikate kona za kuta: laza utepe juu ya ukingo wa ubao, uukunje polepole kwa kugonga na kipande cha mbao kwenye futi 3, kisha 2 na nusu, kisha 3, na ncha mbili zikutane kwenye kona moja tu utakayoifunga. Pete maalumu za kubania nyavu ni nzuri pale zinapopatikana. Zisipopatikana, tumia waya mwembamba wenye zinki, ukifunga kila baada ya upana wa vidole vitatu na kuzigeuzia ncha nje. Waya mweusi wa kufungia nondo uuache, kwa sababu mkojo huula upesi.

Tundu la mlango liwe la futi moja kwa futi moja, likianzia inchi 4 juu ya sakafu, na mlango wenyewe uwe wa inchi 14 kila upande ili uzidi tundu. Mimi huufunga kwa juu, ukifungukia ndani, kwa kuwa hujirudisha kwa uzito wake, na sungura akiusukuma kutoka ndani anaubana zaidi hata kama komeo limesahauliwa. Kingo za tundu zifunike kwa kipande cha bati kilichokunjwa, la sivyo mikono yako itachanika kila asubuhi.

Mwisho, banda lako lilioza kwa sababu mbao zilikuwa chini ya sungura. Safari hii mbao zikae nje ya kizimba kama miguu na fremu, na chini ya sakafu pitisha nondo ya milimita 8 katikati ili wavu usibonyee. Sakafu iwe futi 3 kutoka ardhini, kimo ambacho utawaona sungura wako bila kuinama.

SWALI: Dada mpendwa, salamu kutoka Moshi. Vizimba vyangu vya waya vina mwaka mmoja na nusu, na sakafu ni ya wavu huo wa nusu inchi kwa inchi moja unaopendekezwa, lakini sungura wangu wawili wana vidonda kwenye nyayo za miguu ya nyuma. Jirani yangu, ambaye naye ni mfugaji, anasema kumweka sungura juu ya waya ni kumtesa, na kwamba nirudi kwenye sakafu ya udongo. Je, ni kweli?

JIBU: Dada yangu, jirani yako ana hoja, na ningependa sote tuisikilize badala ya kuitetea waya kwa kuwa tu tumeigharamia. Mbwa na paka wana nyama ngumu chini ya nyayo, sungura hana. Kinachomkinga ni manyoya tu, na manyoya hayo yakiisha, ngozi iliyobaki ni laini mno. Kwa hiyo hata sakafu nzuri ya waya haijakamilika bila ubao wa kupumzikia. Kata ubao usio na rangi wala dawa, wenye urefu wa futi 1 na upana wa inchi 10 hivi, uulaze kwenye kona ambayo sungura hapendi kukojolea, na utaona jioni ileile amejinyoosha juu yake. Tengeneza mbao mbili kwa kila kizimba, moja ikiwa ndani, nyingine ikiwa juani baada ya kusuguliwa, uzibadilishe kila zinapolowa.

Kisha kagua sakafu yenyewe, kwa sababu miezi 18 inatosha kuiharibu. Chukua kipande cha kanga kuukuu, ukipitishe juu ya wavu wote taratibu kama unayefuta meza. Popote kitakaponasa uzi, pana ncha ya waya, kidonge cha zinki au kutu iliyoanza kuchubuka, na kila kinachonasa uzi kinaweza kuchuna unyayo. Piga tupa mahali hapo, na kama kutu imeenea, badilisha sakafu nzima. Hii ni sababu nyingine ya kuifunga sakafu kama kipande kinachojitegemea, ili siku ya kuibadilisha usivunje kizimba chote.

Tazama pia kucha. Sungura wa porini huzisaga kwa kuchimba, wetu hawachimbi, na kucha ndefu humfanya akae kwa kisigino. Zipunguze kila baada ya wiki sita hadi nane, ukiepuka ule mshipa mwekundu unaoonekana ndani ya kucha nyeupe. Wale wawili uliotaja waondoe kwenye waya leo, uwaweke kwenye majani makavu mengi, safisha vidonda kwa maji ya chumvi, na kama pana usaha au mguu umevimba, muite mtaalamu wa mifugo usisubiri.

Kuhusu udongo, hapo simfuati jirani yako. Udongo wa Moshi wakati wa masika haukauki, sungura huchimba na kutoka, na koksidia hustawi katika unyevu huo. Lakini nakubaliana naye kwa sungura wazito sana kama Flemish Giant, ambao hupita kilo 6, na kwa aina ya Rex, ambao manyoya yao ya nyayo ni mafupi. Hao watengenezee sakafu ya fito za mianzi zilizolainishwa, zilizoachana kwa nusu inchi, na ukubali kwamba utazibadilisha mara kwa mara.

SWALI: Hujambo mama? Naandika kutoka Thika, Kenya. Jike wangu alizaa watoto saba ndani ya kizimba kipya cha waya. Asubuhi niliwakuta watatu chini ya kizimba wakiwa wamekufa, na mmoja kwenye sakafu ya waya akiwa baridi kama jiwe. Sakafu haina tundu kubwa. Walipitia wapi?

JIBU: Sijambo, na pole sana. Walipitia ukutani. Wavu wa inchi moja kwa inchi mbili unatosha kabisa kumzuia sungura mkubwa, lakini mtoto aliyezaliwa leo ana unene usiozidi wa kidole gumba, na akitambaa akifuata joto hupenya kwenye tundu hilo bila kukwama. Dawa yake ni kuzungushia sehemu ya chini ya kuta zote nne, kwa kimo cha inchi 4 hadi 6, utepe wa wavu uleule wa sakafu, ukiufunga kwa nje na kuubana hadi kwenye sakafu ili usiache mwanya. Ndiyo sababu pia nimemweleza kijana wa Morogoro aanzishe mlango inchi 4 juu ya sakafu.

Hata hivyo, swali linalonihuzunisha zaidi ni kwa nini watoto walikuwa nje ya kiota. Mimba ya sungura huchukua siku 31 hivi. Kuanzia siku ya 28 kiota kinapaswa kuwa ndani ya kizimba, si mapema sana, kwa sababu jike atakifanya choo, wala si kwa kuchelewa, kwa sababu atazalia juu ya waya. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa inchi 18, upana wa 10 na kimo cha 10, mbele ukikipunguza kiwe na kizingiti cha inchi 6, na chini utoboe matundu madogo ya kupitisha mkojo. Jaza majani makavu laini, kisha mwachie jike kazi iliyobaki. Atajinyonyoa manyoya ya kifuani na kutandika mwenyewe.

Sungura hawabebi watoto wao kwa mdomo kama paka. Mtoto aliyetoka kiotani, pengine kwa kung'ang'ania chuchu mama alipokuwa anatoka, hatarudishwa na mtu isipokuwa wewe. Na kwa kuwa jike hunyonyesha kwa dakika chache tu, mara moja kwa siku au mara mbili, hatajua kwamba mmoja amepotea. Kwa hiyo, wiki mbili za mwanzo, uchungulie kizimba alfajiri kabla ya jambo lingine lolote. Ukimkuta mtoto amepoa usimtupe upesi: mfumbate mikononi, au mtie kifuani chini ya nguo, kwa nusu saa. Nimewahi kumrudisha kiotani mtoto ambaye nilidhani amekufa, na miezi sita baadaye akazaa mwenyewe. Hufumbua macho wakiwa na siku 10 hadi 12, na wakifikisha wiki tatu huanza kutoka wenyewe. Hapo kiota kinaweza kuondolewa.

SWALI: Assalamu alaikum. Niko Tanga mjini na eneo langu ni dogo. Fundi wa kuchomelea amenishauri nijenge vizimba vya ghorofa tatu chini ya paa la bati lililo uani. Je, ni salama? Na waya utahimili hewa ya bahari?

JIBU: Waalaikum salaam. Ghorofa mbili zinatosha, na ya tatu nakusihi uiache. Ghorofa ya juu utaipandia kwa kigoda, na kizimba kinachohitaji kigoda hakikaguliwi kila siku, hilo nimeliona kwa wengi. Kati ya ghorofa na ghorofa acha nafasi ya futi 1 hivi, uweke bati laini lenye mteremko wa kutosha kuteremsha mkojo na kinyesi hadi kwenye mfereji wa nyuma. Mteremko ukiwa mdogo, mkojo hutuama na kutoa hewa ile kali inayowasha macho. Piga magoti uweke uso wako mahali alipo sungura: ukihisi macho yanawasha, yeye anavuta hewa hiyo usiku kucha, na ndiyo inayofungua mlango kwa mafua na homa ya mapafu. Mkojo unaoukusanya usiumwage, kwa kuwa ukichanganywa na maji mengi ni mbolea nzuri ya mboga.

Tatizo kubwa la Tanga, hata hivyo, ni joto. Sungura hatoi jasho kama sisi. Hupoza mwili kwa masikio na kwa kuhema. Hustarehe kwenye nyuzi joto 15 hadi 21, na zikipita 30 huanza kuteseka, dume hupungukiwa na uwezo wa kutungisha mimba, na jike mwenye mimba kubwa anaweza kufa mchana mmoja tu. Paa la bati lisilo na kitu chini yake ni jiko. Liezekee makuti juu, au weka dari ya makuti chini yake, na kuta za uani zisizibe upepo wa bahari. Faida ya kizimba cha waya hapo ni kubwa, maana hewa hupita pande zote sita. Maji yasikatike, jike anayenyonyesha anaweza kunywa zaidi ya lita moja kwa siku.

Hewa ya chumvi itaula waya, hilo halizuiliki, bali linacheleweshwa. Nunua wavu uliochovywa kwenye zinki baada ya kuchomelewa hata kama ni ghali zaidi. Manyoya yanayonasa kwenye matundu usiyachome kwa moto, kama mafundi wengi wanavyoshauri, kwa sababu moto ukikaa mahali pamoja huharibu zinki. Tumia brashi ngumu. Ule ukoko mweupe unaoachwa na mkojo uloweshe kwa siki, usubiri kidogo, kisha usugue na kusuuza. Rangi ya mafuta usiipake ndani ya kizimba, maana sungura hutafuna kila anachokifikia.

SWALI: Bukoba tunasumbuliwa sana na siafu. Usiku mmoja waliingia kwenye kizimba cha waya na kumaliza watoto wote. Tufanye nini?

JIBU: Poleni. Waya hauzuii siafu, kinachowazuia ni miguu ya kizimba. Kila mguu usimame ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari, kopo liwe pana kuliko mguu kwa inchi kadhaa, na lifunikwe kwa juu na kipande cha bati kilichopigiliwa kwenye mguu ili mvua isilijaze maji. Baada ya hapo hakikisha hakuna jani, kamba, ufito wala ukuta unaogusa kizimba, kwa kuwa daraja moja la unene wa uzi linalitosha jeshi zima la siafu. Kagua makopo kila wiki. Majani yakirundikana juu ya oili, nayo huwa daraja.

SWALI: Nimemaliza vizimba vyangu na nina vipande vingi vya waya vilivyobaki. Je, vina kazi? Na ninaweza kuwaingiza sungura leo?

JIBU: Leo hapana. Wavu mpya wenye zinki una unga mweupe na vumbi la tupa, na jambo la kwanza sungura atakalofanya ni kuutafuna. Uoshe kwa siki iliyochanganywa na maji, usuuze, kisha uuache kwenye jua na mvua kwa wiki moja au mbili. Muda huo utumie kutengeneza hori la majani kwa vipande vya inchi moja kwa inchi mbili: kunja kipande cha futi 1 kwa futi 2 katikati kama daftari lililofunguliwa nusu, ukining'inize nje ya ukuta wa kizimba, na ujaze majani makavu. Sungura atayavuta kupitia matundu, na hayatakanyagwa wala kukojolewa.

Vile vipande vidogo kama kucha, ambavyo haviwezi kufaa kitu, ndivyo ninavyotaka uvitafute sasa hivi kabla ya giza. Funga sumaku ya spika ya redio mbovu kwenye fimbo, uipitishe polepole juu ya nyasi zote ulipokuwa unakatia, kisha urudie kwa kukatiza. Ng'ombe wa jirani akivichuma pamoja na majani vitamchoma tumboni, na watoto wanaocheza peku uani watavikanyaga kesho asubuhi.